Kufuta kila kitu kusiwe dawa ya kwanza ya kompyuta inayosumbua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu makala ya ukurasa wenu wa teknolojia iliyowashauri wasomaji kwamba kompyuta ikiwa nzito, ikiganda mara kwa mara au ikijizima yenyewe, njia ya uhakika ni kufuta kila kilichomo na kusakinisha mfumo endeshi upya, na kwamba ni vizuri kazi hiyo ifanywe angalau mara moja kwa mwaka hata pale ambapo hakuna tatizo lolote. Nimetengeneza kompyuta za watu kwa miaka mingi. Ushauri huo, ambao mafundi na wateja wao huuita "kupiga Windows", umewapotezea watu niliowahudumia kazi, picha na nyaraka nyingi kuliko virusi vyote nilivyopata kukutana navyo, na ninaandika nikijua kwamba wapo waliousoma ambao wanajiandaa kuufuata wiki hii.

Hitilafu ya kompyuta ina chanzo, chanzo hicho aghalabu hupatikana kwa saa moja au mbili za uchunguzi wa utulivu, na anayefuta mfumo kabla ya kukitafuta huondoa ushahidi wote uliokuwa ukielekeza huko. Mfumo endeshi, kama vile Windows au Linux, umekaa katikati: juu yake zipo programu tunazozitumia, na chini yake kuna diski, kumbukumbu (RAM), skrini na vifaa vingine ambavyo mfumo huvigawia kazi. Kwa sababu ya nafasi hiyo, kasoro ya kifaa na kasoro ya programu zote hujitokeza kwa sura ya kasoro ya mfumo, na mtu aliyekaa mbele ya skrini hawezi kuzitofautisha kwa kutazama tu. Ndiyo maana mfumo hulaumiwa kwa makosa ambayo si yake, ingawa yake pia yapo na nitayataja.

Nitoe mfano mmoja kwa urefu. Mwandishi mmoja wa vitabu aliniletea kompyuta yake ya mezani ambayo ilikuwa imefutwa mara mbili ndani ya miezi miwili. Shida yake ilikuwa kwamba kila alipofungua tovuti, kivinjari kilimwonya kuwa muunganisho si salama na kikakataa kuendelea. Fundi wa kwanza alisema ni virusi, akafuta diski yote, na sura tatu za mswada zikapotea kwa sababu ya virusi ambavyo havikuwapo. Kompyuta ilifanya kazi vizuri siku nzima. Asubuhi iliyofuata onyo likarudi. Fundi wa pili alirudia tiba ile ile na kupata matokeo yale yale. Nilipoiwasha mimi, nilitazama saa iliyo pembeni mwa skrini nikakuta inaonyesha tarehe ya miaka mingi iliyopita. Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ndogo mfano wa sarafu, aghalabu ya aina ya CR2032 yenye volti 3, ambayo huiwezesha saa kuendelea kuhesabu hata umeme unapokuwa umekatwa. Betri hiyo ilikuwa imekwisha, na mwenye kompyuta alikuwa na desturi ya kuchomoa waya wa umeme kila usiku. Tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba iko miaka kumi nyuma hukiona cheti hicho kuwa bado hakijaanza kutumika, na hukikataa kwa haki kabisa. Kila fundi aliposakinisha mfumo alirekebisha saa bila kulitilia maanani jambo hilo, na kwa hiyo tiba ikadumu mpaka waya ulipochomolewa tena. Nilibadilisha betri, nikaweka tarehe sahihi, na onyo halikuonekana tena. Zile sura tatu hazikupatikana.

Swali la kwanza ambalo kila fundi anapaswa kuuliza ni lini tatizo lilianza, na la pili ni kitu gani kilibadilika muda mfupi kabla yake. Programu mpya, sasisho lililoingia usiku, printa iliyochomekwa, kumbukumbu iliyoongezwa, hata kompyuta iliyohamishwa kutoka chumba kimoja hadi kingine ikatikiswa njiani: haya yote ni majibu niliyowahi kupewa, na yalinifikisha kwenye chanzo moja kwa moja. Swali la tatu ni ujumbe ulisemaje, neno kwa neno. Watu wengi huniambia kwamba "yalikuja maandishi fulani nikayafunga", na hapo tunakuwa tumepoteza shahidi muhimu kuliko wote. Ule ukurasa wa buluu, au mweusi katika matoleo mapya ya Windows 11, unaotokea Windows inaposhindwa kuendelea hubeba jina au namba ya hitilafu, na namba hiyo ina maana. Namba 0x0000007B, kwa mfano, husema kwamba mfumo umeshindwa kuifikia diski ambamo wenyewe umehifadhiwa, na mara nyingi hutokea baada ya mtu kubadilisha, katika mipangilio ya BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha kompyuta kabla ya mfumo endeshi, namna diski inavyowasiliana na bodi kuu. Kuurudisha mpangilio wa awali ni kazi ya dakika chache. Anayeiona namba hiyo akakimbilia kufuta diski anaharibu mfumo ambao ulikuwa mzima. Nawasihi wasomaji waipige skrini picha kwa simu kabla hawajagusa chochote.

Katika hili watengenezaji wa mifumo wana lawama yao. Ujumbe wa hitilafu umezidi kuwa mtupu mwaka hadi mwaka. Badala ya kueleza ni faili gani lililokosekana au ni kifaa gani kisichoitika, humwambia mtumiaji kwamba kuna jambo limekwenda vibaya na ajaribu tena baadaye. Nadhani wanaoandika hivyo wanataka kumpunguzia mtu hofu, lakini mtu asiyejua kilichoharibika huogopa zaidi, na hofu hiyo ndiyo inayomsukuma kukubali kila kitu kifutwe. Maelezo yenyewe hayajapotea. Windows huyaandika katika daftari lake la matukio, na mifumo mingi ya Linux huyatunza katika rekodi zinazosomwa kwa amri ya journalctl. Fundi asiyefungua kurasa hizo kabla ya kutoa hukumu hajafanya kazi aliyolipwa.

Baada ya maswali hayo huja hatua za kupunguza washukiwa, na sheria yake kubwa ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mtu akizima programu tano, akaondoa sasisho na kubadilisha mipangilio ya skrini kwa mkupuo, kisha kompyuta ikapona, hatajua kilichoiponya, na ugonjwa ukirudi ataanza upya kabisa. Kuiwasha kompyuta katika hali salama, ambapo mfumo hupakia mambo ya lazima tu na kuziacha nje programu za ziada, ni kipimo kimoja kizuri: tatizo likitoweka humo, basi linatokana na kimojawapo kati ya vile vilivyoachwa nje. Kipimo kingine ninachokipenda zaidi ni kuiwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, ambayo huendesha mfumo mzima kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya ndani. Kompyuta ikiganda pia chini ya mfumo huo wa muda, karibu kila mara kosa liko katika kifaa, pengine kumbukumbu au joto la kupita kiasi, na hata mfumo ukisakinishwa mara mia hautabadilisha chochote. Flashi hiyo hiyo humwezesha mtu kunakili mafaili yake kutoka kwenye kompyuta iliyokataa kuwaka, mradi tu diski ni nzima na haijafungwa kwa ufunguo wa siri.

Asiyeamini kwamba hatua hizi zina uzito mkubwa akumbuke yaliyotokea tarehe 19 Julai 2024. Siku hiyo kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza faili lenye kasoro kwa ajili ya programu yake ya ulinzi, na kompyuta za Windows ambazo Microsoft ilikadiria kuwa milioni 8.5 zikaanguka na kushindwa kuwaka, kila moja ikirudi kwenye ukurasa wa buluu. Safari za ndege ziliahirishwa, na hospitali na benki katika nchi nyingi zilikwama. Kwa yeyote aliyetazama skrini ile, mfumo mzima ulionekana umekufa. Dawa iliyotolewa kwa mashine nyingi ilikuwa kuiwasha kompyuta katika hali salama, kuingia katika folda ya programu ile, kufuta faili ambalo jina lake lilianza kwa C-00000291, na kuwasha upya. Lilikuwa faili moja tu. Waliofuta mfumo mzima siku ile, na bila shaka wapo, walitupa kila kitu kwa sababu ya faili hilo moja. Tukio lile lilifunua pia jambo ambalo wengi hawalijui: mahali ambapo diski ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows kwa diski, hali salama ilidai kwanza ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, na asiyekuwa nao alisimama hapo hapo. Ufunguo huo uandikwe kwenye karatasi na kutunzwa mbali na kompyuta yenyewe.

Makala yenu ilisisitiza sana uzito wa kompyuta, kwa hiyo nami niuzungumzie. Ni kweli kwamba kompyuta iliyosakinishwa upya huwa nyepesi kwa wiki chache, lakini wepesi huo hautokani na usafi wa ajabu. Hutokana na kutokuwapo kwa programu zinazojiwasha zenyewe pamoja na mfumo. Karibu kila programu inayosakinishwa siku hizi hujiandikisha katika orodha ya zile zinazoanza kompyuta inapowaka, na baada ya mwaka mmoja orodha hiyo huwa ndefu. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue sehemu ya programu za kuanzia, uzime usizozihitaji moja baada ya nyingine. Dirisha hilo hilo litakuonyesha pia ni programu ipi inayokula kumbukumbu na ipi inayoishughulisha diski. Kama kumbukumbu imejaa, mfumo hulazimika kuhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na kama diski ni ile ya kizamani yenye sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, kompyuta nzima itakwenda kwa mwendo wa sahani hizo. Kumhamishia mtu wa namna hiyo mfumo wake ulivyo kwenye diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, kumewafurahisha wateja wangu kuliko kazi nyingine yoyote ninayoifanya. Na ikiwa diski ya zamani imeanza kuchoka na kusoma sehemu moja mara nyingi kabla ya kufanikiwa, kuifuta na kuiandika yote upya ni kuiongezea mzigo katika siku zake za mwisho.

Nawaonya wasomaji pia juu ya programu zinazojidai kusafisha Rejista, yaani ghala la mipangilio la Windows. Microsoft wenyewe wametamka kwamba hawaungi mkono matumizi yake, na wakaeleza kuwa madhara yanaweza kufikia hatua ya kumlazimu mtumiaji kusakinisha mfumo upya. Nimeziona kompyuta za namna hiyo, na wenyewe walikuwa wamelipia madhara hayo.

Lipo jambo jingine ambalo makala haikuligusa kabisa, nalo ni mipangilio ambayo mtu amejiwekea. Watu wengi wanaolalamika kwamba mfumo unawasumbua hawana hitilafu yoyote. Wamehamishiwa vitu walivyovizoea. Windows 8 ilipotoka Oktoba 2012, kitufe cha kuanzia kilichokuwa kwenye kona ya chini tangu mwaka 1995 kiliondolewa, na mamilioni ya watu waliojua kazi zao vizuri wakajikuta hawajui hata pa kuzimia kompyuta. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba kitufe kilirudishwa katika Windows 8.1 mwaka mmoja baadaye, na menyu yake kamili ikarudi na Windows 10 mwaka 2015. Windows 11 nayo ilipotolewa mwaka 2021 iliondoa uwezo wa kuuhamishia ule mstari wa aikoni kwenye upande wa juu au ubavuni mwa skrini. Wapenzi wa Linux wasidhani wao waliepuka: GNOME 3, mojawapo ya sura za skrini zinazotumika kwenye Linux, iliyotoka Aprili 2011 iliibadilisha sura ya skrini kiasi cha kuwaudhi watumiaji wengi, ila kwa kuwa msimbo wake uko wazi, baadhi yao walilichukua toleo la awali wakaliendeleza kwa jina la MATE, nalo linatumika hadi leo. Ninaamini kwa dhati kwamba mtu aliyezoea kufanya kazi kwa mpangilio fulani ana haki ya kubaki nao, na kwamba sasisho linalorudisha mipangilio ya kiwandani bila kumwuliza mwenyewe linamkosea adabu.

Lakini mwenye kubadilisha ana wajibu wa kukumbuka alichobadilisha. Huwaambia wateja wangu waweke daftari la kawaida la karatasi karibu na kompyuta, na kila wanapogusa mpangilio wowote waandike tarehe, mahali ulipo, ulikuwaje na umekuwaje. Daftari hilo limenisaidia kutatua matatizo ambayo yangenichukua siku nzima. Na hapa kuna kipimo ambacho ningependa kila msomaji akijue, kwa sababu hakihitaji ufundi wowote: fungua akaunti mpya ya mtumiaji kwenye kompyuta ile ile, ingia humo, ufanye kazi iliyokuwa ikikusumbua. Ikifanyika bila shida, mfumo wako ni mzima, na kosa limo ndani ya mipangilio ya akaunti yako ya zamani. Hakuna haja ya kufuta chochote zaidi ya mpangilio uliokosewa. Kijana mmoja mchoraji alikuja kwangu akiwa na hakika kwamba mfumo wake umeoza, kwa kuwa kila alipobofya kulia skrini iliganda kwa karibu dakika nzima. Katika akaunti mpya haikuganda hata mara moja. Tulirudi kwenye akaunti yake tukaanza kuondoa, kimoja kimoja, vipengele vya ziada alivyojiongezea kwenye menyu ile ya kubofya kulia, na cha nne kilikuwa kikitafuta folda ya mtandaoni ambayo ilikwishafungwa. Brashi zake, njia zake za mkato na mpangilio wa madirisha alioujenga kwa miaka mitatu vilibaki kama vilivyo. Kufuta mfumo kungeyaondoa yote hayo pamoja na kosa, na nina hakika angeyaongeza tena, lile kosa likiwamo.

Sisemi kwamba mfumo usifutwe kamwe. Kompyuta iliyoingiliwa na programu hasidi zinazojificha ndani kabisa ya mfumo haiwezi kuaminiwa tena mpaka isafishwe yote. Kompyuta inayouzwa au kupewa mtu mwingine inapaswa kufutwa kwa ajili ya siri za mwenyewe. Wapo pia ambao wamelazimika kubadilisha mfumo kwa sababu Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta zao hazina kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0 ambacho Windows 11 inakidai. Kwao kuhamia Linux ni uamuzi wa busara, ingawa kuhama ni tofauti na kutibu, na anayehama ana muda wa kujiandaa. Maandalizi hayo ndiyo ambayo makala yenu haikuyataja hata kwa sentensi moja. Mafaili yanakiliwe mahali pawili tofauti, kisha nakala zifunguliwe kwenye kompyuta nyingine ili kuthibitisha kwamba zinasomeka. Alamisho za kivinjari, barua pepe zilizohifadhiwa ndani ya programu yake, fonti za ziada na nywila zikumbukwe, kwa kuwa havikai katika folda ya nyaraka na husahaulika sana. Draiva ya kadi ya mtandao, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi hiyo, ipakuliwe mapema na kuwekwa kwenye flashi, la sivyo mfumo mpya utahitaji intaneti ili kupata kile kinachohitajika kuipata intaneti. Na wale watakaochagua njia ya Windows ya kuuweka upya mfumo huku mafaili yakibaki wafahamu kwamba nyaraka na picha zao zitabaki, ila programu walizozisakinisha zitaondolewa pamoja na mipangilio yake.

Ndugu Mhariri, naliomba gazeti lako lichapishe nyongeza ya makala ile mapema iwezekanavyo, hata kama ni aya moja tu, inayowaeleza wasomaji wanakili mafaili yao na kuzijaribu nakala hizo kabla ya kufuta kitu chochote, na kwamba kufuta kila mwaka kompyuta isiyo na tatizo hakuna ulazima wowote. Ikiwa nafasi itaruhusu, iongezwe pale pale juu ya kutazama saa na tarehe ya kompyuta, kwa kuwa ni uchunguzi wa sekunde tano.

Wako,
Fundi wa kompyuta na msomaji wa siku nyingi wa gazeti hili